Digrii ya Mitambo Yatuhusu Nasi

Nimewasikia wenzetu wa Kitale, na hapa Bungoma pia, wakisema digrii ya uhandisi wa mitambo ni karatasi tupu, kwa kuwa injini haisomi vitabu. Mimi sikubali, ingawa shule yangu ni ya msingi tu, ya misheni.

Fikirini mlima wa Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Mvua ikinyesha magurudumu huteleza, dereva humwaga mchanga relini, gari likapanda. Sisi twajua kwamba mchanga husaidia. Lakini injini ile yaweza kuvuta tani ngapi pale, reli ikiwa imelowa? Hapo twanyamaza. Mwenye hesabu ndiye anayeamua, nasi twaambiwa kesho yake. (Siku moja niliuliza, nikajibiwa nishike spana yangu.)

Digrii hiyo ni miaka 5, na mlango wake ni C+ katika mtihani wa kidato cha nne; stashahada ni C-. Mtu mzima aweza kuufanya mtihani huo kama mtahiniwa wa kibinafsi, akaanzia politekniki ya Kitale, akapanda pole pole hadi Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Kinachotushinda ni zamu za usiku, si akili. Basi chama kidai saa za kusoma kama kinavyodai mshahara, na kianze na darasa la jioni la hesabu na fizikia. Jina langu liandikeni la kwanza.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa Reli, Bungoma