Mafuta Yametoka. Kaingia Nani?

Wiki iliyopita ofisini kwetu tuliletewa mtaalamu wa mtindo bora wa maisha. Alikuja na kompyuta, projekta na mkoba wa bidhaa, akatusomea kwa kirefu namna tunavyojiua kwa midomo yetu wenyewe. Nilivumilia yote mpaka alipofika kwenye vitafunwa vya saa nne. Akainua kipande cha granola kilichofungwa kwenye karatasi ya kijani, akasema hiki ndicho mtu mwenye akili anachobeba kazini, kwa sababu kina mafuta kidogo. Mama mmoja wa uhasibu, ambaye droo yake haikosi karanga za kukaanga, akauliza, "Na karanga je, mwanangu?" Jibu halikuchelewa: "Mama yangu, karanga ni mafuta matupu. Achana nazo."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Mama wa watu amekula karanga tangu utotoni, leo anaambiwa azitupe akanunue sukari iliyobanwa!

Naam, sukari. Oti kavu za granola hazishikani zenyewe, na ukizipunguzia mafuta, karanga na lozi, ladha nayo inaondoka. Mwenye kiwanda si mjinga. Anajua hakuna atakayerudi dukani kununua makapi, kwa hiyo pengo analiziba kwa kitu cha bei nafuu ambacho kinanata na pia ni kitamu. Mafuta yakitoka, sukari inaingia. Sentensi hiyo ningeomba ibandikwe kwenye mlango wa kila supamaketi mjini.

Nilikiomba kile kipande nikakigeuza, maana ukweli wa vyakula vya paketi huandikwa mgongoni. Uzito gramu 24. Kalori 90. Mafuta gramu 1.5, ndiyo sifa iliyopambwa mbele kwa herufi kubwa. Sukari gramu 7. Protini gramu 1. Nyuzinyuzi gramu 1. Piga hesabu: zaidi ya robo ya kipande ni sukari, karibu vijiko viwili vya chai. Na nani hushiba kwa kimoja? Ukila viwili umefikisha gramu 14. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Zaidi ya nusu ya hiyo umeimaliza saa nne asubuhi, tena huku ukijiona unafunga.

Sasa pima gramu 24 za karanga za yule mama. Protini kama gramu 6. Nyuzinyuzi gramu 2. Sukari kama gramu 1, ya karanga yenyewe. Mafuta yamo, gramu 12 hivi, lakini sehemu kubwa ni yale yasiyoganda, ambayo madaktari wa moyo hawana ugomvi nayo. Isitoshe, vitamini A, D, E na K haziingii vizuri mwilini bila mafuta. Nani aliyetuambia mafuta ni adui?

Imani hii ina wazazi, na tunawajua. Mwaka 1967 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha mapitio ya wasomi wa Harvard yaliyoyatwisha mafuta lawama za ugonjwa wa moyo na kuisafisha sukari. Mwaka 2016 watafiti wengine walifukua nyaraka na kuonyesha kwamba kazi ile ililipiwa na Sugar Research Foundation, chombo cha wafanyabiashara wa sukari, na wasomaji hawakuambiwa. Mwaka 1977 kamati ya Seneti ya Marekani chini ya George McGovern iliwaambia wananchi wapunguze mafuta, na sukari pia. Viwanda vikasikia neno la kwanza, la pili likapotelea hewani. Mwaka 1992 Nabisco ikatoa biskuti za SnackWell's zisizo na mafuta, watu wakazila boksi zima kwa dhamiri safi.

Serikali ya Marekani nayo haikubaki nyuma. Kanuni ya mwaka 1994 ilisema chakula hakiwezi kuitwa cha afya mpaka kiwe na mafuta kidogo. Kuhusu sukari ya kuongezwa, kimya. Ndiyo maana mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, iliiandikia kampuni ya KIND barua ya onyo kwa kutumia neno "afya" kwenye vipande vilivyojaa lozi na karanga, wakati nafaka za asubuhi zilizopakwa sukari zingeweza kulibeba neno hilohilo. Mwaka 2016 wakalegeza. Desemba 2024 wakatoa kanuni mpya inayobana sukari na kuzikubali lozi, parachichi na samaki wenye mafuta. Walioanzisha imani hii wameshaanza kuikana, sisi ndiyo kwanza tunaalikwa kwenye ubatizo!

Najua kuna atakayeinua mkono: "Lakini mwandishi, humo mna oti, na oti ni nzuri kwa moyo." Ahsante sana. Na bia ina shayiri. Faida ya moyo inayosifiwa inatokana na nyuzinyuzi za oti zinazoyeyuka, na kiwango kinachotajwa ni gramu 3 kwa siku. Kwenye kipande chenye gramu 1 ya nyuzinyuzi za kila aina, utakula zaidi ya vitatu kabla hujafika, na utakuwa umemeza zaidi ya gramu 21 za sukari ukiutafuta moyo wenye afya. Kila la heri.

Na maandishi ya paketi hizi yanaandikwa kwa ajili ya nani, sisimizi? Nyingi zinafika madukani kwetu zikiwa na lugha tatu nne, Kiswahili hakimo. Sukari yenyewe watengenezaji wameigawa: sukari, sharubati ya glukosi, sharubati ya mahindi, asali, kila moja mstari wake. Viambato hupangwa kwa uzito, kwa hiyo ukiigawanya hivyo, oti zinabaki kileleni mwa orodha na mnunuzi anaridhika.

Chile waliona mchezo huu. Tangu mwaka 2016 paketi yenye sukari kupita kiwango hugongwa alama nyeusi ya pembe nane usoni, wala hakuna haja ya miwani. Hatuna sababu ya kushindwa. Shirika letu la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula. Litoe amri moja tu: anayetaka kujisifu mbele ya paketi kwamba ameondoa mafuta, aandike papo hapo, kwa Kiswahili na kwa herufi za ukubwa uleule, ameweka sukari gramu ngapi. Tuone ni wangapi watabaki wanajisifu.