Msaada wa masomo usiishie Bariadi



Huduma za msaada wa kitaaluma, yaani shughuli zote ambazo chuo kikuu huzifanya nje ya mhadhara ili mwanafunzi aelewe anachofundishwa na aweze kukieleza kwa maandishi, huelezwa katika miongozo ya vyuo kana kwamba kila mwanafunzi anaishi hatua chache kutoka maktaba. Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi wakati Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, haina kampasi, na mkazi wake anayesoma shahada bila kuacha kazi, awe mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati au mtendaji wa kijiji, hufanya hivyo kwa njia ya masafa. Lalamiko la barua hii ni kwamba mwanafunzi huyo hudahiliwa, hutozwa ada na kutahiniwa kama wenzake, lakini linapofika suala la kusaidiwa kusoma huachwa ajitafutie mwenyewe.

Hali hiyo haikuwa kusudio la Bunge lilipopitisha Sheria namba 17 ya mwaka 1992 iliyounda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Elimu huria ni ile inayolegeza masharti ya kuingia ili waliokosa nafasi ujanani wapate mlango wa pili, na elimu masafa ni ile ambayo mwalimu na mwanafunzi hawakai mahali pamoja. Kuunganishwa kwa hizo mbili kulidai chombo cha kuziba pengo la umbali, na chombo hicho kikawa vituo vya mikoa. Ni haki kukiri kwamba bila vituo hivyo watumishi wengi wa vijijini wasingepata shahada hata kidogo. Hata hivyo, kituo cha mkoa kinakaa makao makuu ya mkoa, ambayo kwa Simiyu ni Bariadi, na maana yake ni kwamba mtu wa Itilima, wa Mwanhuzi kule Meatu au wa Nyashimo huko Busega hulazimika kuomba ruhusa kazini na kutafuta nauli ndipo apate kuuliza swali ambalo mwenzake wa kampasi huliuliza akitoka kula.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika uandishi. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyepita shule za serikali husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha hubadilishiwa lugha sekondari, na anapofika chuo kikuu hutakiwa kujenga hoja, kunukuu vyanzo na kuandika ripoti ya utafiti kwa Kiingereza ambacho hakitumii popote pengine katika maisha yake ya kila siku. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililitambua tatizo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kikaanzisha kitengo cha stadi za mawasiliano, yaani mafunzo ya kusoma, kuandika na kusikiliza kwa namna inayohitajiwa na taaluma. Juu ya hilo, mwanafunzi wa Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, anazo semina, yale makundi madogo ambamo mhadhiri msaidizi hupitia mada upya na kumruhusu kila mmoja akosee mbele ya wenzake, na tangu mwaka 2018 anayo maktaba mpya iliyojengwa ili ihudumie zaidi ya watu 2,000 kwa wakati mmoja. Mwalimu wa Lagangabilili anayo simu, moduli aliyoipakua, na saa chache za usiku baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu.

Kazi aliyoituma ikirudi na alama tupu bila maoni, hana njia ya kujua kama kasoro ilikuwa katika hoja, katika lugha au katika namna ya kunukuu. Matokeo yake ni sapu, yaani mtihani wa marudio, na baada ya sapu huja kudisko, neno ambalo wanafunzi hulitumia kwa kuondolewa masomoni, ingawa wengine hawasubiri kudisko bali hunyamaza tu na kuacha.

Pengo hilo limepata mtu wa kulijaza, naye si chuo. Karibu kila mji wa Tanzania wenye duka la steshenari una kijana anayeuza huduma ya kuandika kazi za wanafunzi, kuanzia zoezi la kurasa tano hadi tasnifu nzima, na vyuo vimejibu kwa kununua programu za kubaini wizi wa kitaaluma, ambao ni kuwasilisha maandishi ya mtu mwingine kama yako. Wizi huo hauna utetezi. Lakini inafaa wasomi wakubali jambo moja lisilopendeza: kijana wa steshenari yuko karibu, hujibu siku hiyohiyo, na huueleza utafiti kwa Kiswahili, mambo ambayo msimamizi rasmi, mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi, mara nyingi hayawezi.

Umbali si kisingizio cha kutosha. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilimkabidhi kila mwanafunzi kwa mkufunzi anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusahihisha mazoezi na kuandika maelezo marefu pembeni, wakati ambapo posta ndiyo iliyokuwa njia kuu. Tanzania haikosi watu wa kazi hiyo. Shule za sekondari za Itilima zina walimu wenye shahada ambao, wakipewa mafunzo mafupi na posho ya haki, wangeweza kusoma rasimu za wanafunzi wa masafa na kuongoza vipindi vya ana kwa ana wilayani. Vipindi hivyo navyo vipangwe kwa kuitazama kalenda ya Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, kwa kuwa mwanafunzi mwenye shamba hawezi kukaa darasani wiki nzima wakati wa kuvuna na kuuza.

Halmashauri ya Wilaya ya Itilima inaombwa itenge chumba kimoja chenye umeme na intaneti, kifunguliwe jioni na mwisho wa wiki, na vyuo vyenye wanafunzi wilayani vichangie gharama zake badala ya kila kimoja kungoja kujenga cha kwake. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, inaombwa iwaulize wanafunzi wa masafa wenyewe, wakiwa wilayani kwao, swali lao huchukua siku ngapi kujibiwa na kazi zao hurudi zikiwa na maoni au na alama tu. Majibu ya vyuo husika yangesomwa kwa hamu katika ukurasa huu kabla dirisha la udahili la mwaka ujao halijafunguliwa.

Mkazi wa Lagangabilili,
Itilima, Simiyu