Pointi za shamba zisihame bila mwenye shamba kujua



"Shamba yangu iko mu mayi?" Ndivyo alivyouliza mama mmoja tulipomfungulia ramani mpya ya kooperative yake, upande wa ziwa la Nzilo. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Ile ramani ilikuwa iingie katika dosie ya malipo ya mashamba yaliyoguswa na konsesyo ya madini, na shamba lililo ndani ya maji hakuna atakayelilipa.

Kosa lilikuwa letu sisi tuliochora. Tulizunguka shamba lake pamoja naye, GPS mkononi, na pointi zilikuwa sawa. Zilihama ofisini, tulipozitoa kwa faili moja na kuzitia kwa nyingine ili zikae juu ya ramani ya zamani. Kwa hiyo maoni yetu leo ni haya: ramani yoyote ya mashamba isipelekwe kwa ofisi wala kwa kampuni kabla ya kurudi shambani na kukubaliwa na wenye mashamba.

Tueleze kosa linatoka wapi. GPS ya simu inatumia mfumo wa dunia nzima unaoitwa WGS 84. Ramani za zamani za Katanga zilichorwa kwa mifumo mingine, kama Arc 1950 na Katanga 1955. Namba zilezile, ukizisoma kwa mfumo mwingine, zinaonyesha mahali pengine. Hapa kwetu tofauti ya Arc 1950 na WGS 84 inapita mita mia. Shamba la hektari moja ni mita 100 kwa 100. Likisogea mita 150 kwenda upande mmoja, limetoka lote kwa nafasi yake na kukaa kwa jirani.

Ndani ya programu ya ramani kuna vitendo viwili ambavyo watu wanachanganya. Kimoja kinaipa faili jina la mfumo wake. Kingine kinabadilisha namba zenyewe ziingie mfumo mwingine. Ni kama pesa. Ukiwa na noti za franka 20000 ukaandika juu yake "dola", hujatajirika. Lazima uende kwa mbadilisha pesa, na yeye ahesabu kwa bei ya siku. Sisi tuliandika "dola" juu ya franka. Kompyuta haikulalamika, maana yenyewe inaamini jina uliloipa.

Zuri ni kwamba kosa la namna hii mara nyingi linajionyesha kwa mahali lilipoangukia. Kolwezi iko karibu na digri 10.72 kusini na 25.47 mashariki. Basi angalia:

Shamba likionekana katika jangwa la Mauritania, namba mbili zimebadilishana nafasi. Likionekana Sudan, upande wa Darfur, alama ya kutoa mbele ya 10.72 imepotea. Likienda karibu kilomita 32 kaskazini, mtu ameandika digri 10 na dakika 43 kama 10.43. Dakika ziko 60 ndani ya digri moja, si 100. Kwa hiyo ni 10.72.

Kwa namba za mita, zile za UTM, Kolwezi ni karibu 332000 na 8815000, zoni 35 kusini. Ukichagua 35 kaskazini, shamba lako la mahindi linaenda Svalbard, kwenye barafu ya Norway. Na jimbo letu la Lualaba lina mtego wake: mstari wa digri 24 unalikata. Kolwezi, Mutshatsha na Lubudi ziko zoni 35. Dilolo, Kasaji na Sandoa ziko zoni 34. Pointi za Dilolo zikisomwa kwa zoni 35 zinaruka zaidi ya kilomita 600 mashariki, hadi upande wa Luapula.

Makosa hayo makubwa hayatutishi sana, maana kila mtu anayaona. Tunaogopa lile la mita 150. Ramani inaonekana nzuri, barabara ipo, kijiji kipo, ila shamba la huyu limekaa juu ya shamba la yule. Ndugu wanaanza kugombana mbele ya shefu wa kijiji, na kumbe kosa liko kwa kompyuta.

Wengine watatuambia: hiyo ni kazi ya wataalamu, mkulima ataelewa nini? Hatukubali. Mkulima hahitaji kujua hesabu ya mifumo. Anajua mti wa muembe ulio kwa kona ya shamba lake, kisima, njia panda, daraja. Hiyo ndiyo kipimo chetu. Konsesyo za madini hapa Congo zinahesabiwa kwa vipande vya mraba vya hektari 84.955 kila kimoja. Kwa kipande kikubwa hivyo, mita 150 ni mambo ya pembeni. Kwa mama mwenye hektari moja, ni shamba lote.

Kwa hiyo tunaomba kila komite ishike mambo manne. Moja, muweke pointi za kwanza, kama zilivyotoka kwa GPS, zikiwa zimeandikwa pia kwa daftari la kooperative. Zisikae kwa kompyuta ya mgeni peke yake. Mbili, msipokee ramani isiyo na jina la mfumo na zoni chini yake. Tatu, kabla ya kusaini, mchague alama tatu zisizohama, kama daraja, kona ya kanisa na kisima, mkazipime tena kwa GPS na kulinganisha na ramani. Zikiachana kwa mita tatu au tano, ni kawaida ya simu. Zikiachana zote kwa mita mia, na zote upande mmoja, mjue mfumo umekosewa, ramani irudi. Nne, wenye mashamba wawepo siku hiyo, bamama pia, si prezidenti wa kooperative peke yake.

Kazi hiyo inakula asubuhi moja. Yule mama tulirudi naye hadi kwa muembe wake, tukasahihisha, na leo shamba lake liko juu ya udongo. Lakini ni yeye aliyeliona kosa. Tusingemwonyesha ramani, tungeipeleka hivyo hivyo.