Si Uchawi, tena Si Dhambi ya Siri



Katika vijiji vyetu vya Pangi mara nyingi tunasikia habari kama hii. Mama fulani anaumwa viungo, vidole vimevimba, homa inarudi kila mara. Amekunywa dawa ya malaria mara tatu bila kupata nafuu. Ndipo jamaa wanaanza kunong'ona: amelogwa. Wengine wanasema: ametenda dhambi ya siri. Mimi nasema wazi, maneno hayo mawili yanaua watu, maana yanawachelewesha nyumbani.

Ndani ya damu yetu kuna walinzi wanaopigana na wadudu wa magonjwa. Lakini kwa watu wengine walinzi hao wanakosea, wanawapiga wenye nyumba: ngozi, viungo, mafigo, mapafu na moyo. Ugonjwa mmoja wa namna hii unaitwa lupusi. Mwingine ni baridi yabisi inayoharibu viungo. Katika watu 10 wenye lupusi, karibu 9 ni wanawake, hasa walio katika miaka ya kuzaa. Hauambukizi, kuleni naye sahani moja bila hofu.

Angalieni alama hizi:

1. Viungo vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi vidole vinakataa kukunjika kwa muda wa saa moja au zaidi.

2. Madoa yanatokea juu ya pua na mashavu, na jua linayazidisha. Kwa ngozi nyeusi madoa hayo si lazima yawe mekundu. Yanaweza kuwa meusi au ya zambarau.

3. Nywele zinaanguka, kinywa kina vidonda, homa ipo bila malaria.

4. Uso na miguu inavimba, mkojo una povu. Hapo usingoje hata siku moja, maana mafigo yameguswa.

5. Mimba zinaharibika tena na tena.

Alama moja haitoshi. Kifua kikuu, ukimwi na ukoma vinaweza kufanana na ugonjwa huu. Kwa hiyo munganga anapima damu na mkojo, anauliza mambo mengi. Usikasirike. Kipimo cha mkojo ni cha bei ndogo, nacho kinaonyesha mapema kama mafigo yanaumia. Kipimo cha walinzi wenyewe kinahitaji maabara kubwa ya mjini.

Sasa sikilizeni, ninyi waume. Lupusi inaweza kudanganya kipimo cha kaswende kinachoitwa VDRL: kinaonyesha kaswende, kumbe haipo. Mke asifukuzwe kwa sababu ya karatasi moja! Ombeni kipimo cha pili cha namna nyingine.

Dawa zipo. Ya kwanza ni haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini iliyotibu malaria zamani. Inamezwa kwa miaka, na macho yapimwe. Mgonjwa avae kofia na mikono mirefu shambani. Ugonjwa ukiwa mkali, munganga anaongeza prednisoloni.

Dawa za jamii hiyo zina nguvu ya ajabu. Mwaka 1948, huko Rochester katika Marekani, munganga Philip Hench alimpa kotisoni mama aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini madhara yalionekana pia: uso kuvimba, mifupa kulegea, sukari kupanda, wadudu kupata nafasi. Hata hivyo leo watu wanainunua deksametasoni sokoni ili wanenepe, au wanapewa kwa kila maumivu. Hiyo ni kucheza na moto. Na aliyeimeza siku nyingi asiiache ghafula, anaweza kufa. Munganga ataipunguza kidogo kidogo.

Maoni yangu ni haya. Ugonjwa huu hauponi kabisa, bali unatawalika, na mama anaweza kulea watoto wake. Kinachokosekana mara nyingi ni franga za safari mpaka Kindu na subira ya jamaa. Kila kanisa liweke sanduku dogo kwa wagonjwa wa siku nyingi. Tunachanga kwa mazishi upesi sana. Tuchange basi wakati mgonjwa angali hai.