Usukani Unaonguruma

Ndugu zangu, gari la urithi haliuzwi kwa sababu usukani wake unanguruma. Hapa Sydenham, penye vilima na kona nyingi, wengi wakisikia mlio hukimbilia kununua pampu mpya. Haraka hiyo haina heri. Mlio mkali kama filimbi aghalabu ni wa mkanda uliolegea. Mvumo unaozidi mkatapo kona huletwa na mafuta haba au hewa. Fungueni kopo lake: mkiona povu, hewa imeingia. Na mafuta haya hayaungui kama petroli; yakipungua, yanavuja. Kuyaongeza kila Ijumaa si kutengeneza. Badilisheni bomba linalovuja, mjaze mafuta yaliyotajwa kitabuni mwa gari, kisha, injini imezimwa na magurudumu ya mbele yameinuliwa na kuegemezwa imara, zungusheni usukani taratibu kulia na kushoto hadi mapovu yaishe.