Mpeni Kijana Kazi, Sio Sinia la Soda!

Wale mliokuja kutafuta dawa ya mchumba anayezuga, vuteni subira, zamu yenu ni wiki ijayo. Leo nina ugomvi kidogo na maza. Simsemi maza wangu wa kunizaa peke yake. Nawasema maza wote wa sare za vitenge, wale ambao wakikatiza mitaa yetu ya Utemini Jumapili asubuhi, hata mlevi aliyelala njia panda anaamka na kutoa shikamoo.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila kikao cha akina mama wa kanisa nilichopata kukisikia, kabla hawajafika kwenye mengineyo lazima itajwe hoja ya "vijana wetu wamepotea". Hapo watasikitika weee! Mara wamepotezwa na simu, mara na bongo fleva, mara na bodaboda. Mimi nasema hawajapotea, jamani. Wako hapo nje wanaosha sahani zenu!

Msinune, mama zangu. Chukua shughuli yoyote ya kanisani, iwe ya kumuaga padri, iwe kipaimara, iwe sikukuu ya kikundi. Anayepanga ni mama mwenyekiti. Anayesoma risala ni mama katibu. Anayeshika pesa ni mama mhazini. Watoto wanaitwa waimbe wimbo mmoja, wanapigiwa makofi, wanapewa biskuti, kwisha. Na binti wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne kazi yake ni kuzungusha sinia la soda, halafu karai la maji ya kunawa, halafu masufuria. Akimaliza anapewa pilau la chini ya chungu na kuambiwa, "Mungu akubariki mwanangu." Mwaka unaofuata hamumwoni, mnaanza kuuliza amepotelea wapi!

Tatizo liko katikati. Kwa Wakatoliki, mtoto mdogo ana chama chake, Utoto Mtakatifu. Akiwa shuleni ana TYCS. Mama mtu mzima ana WAWATA. Sasa yule aliyemaliza shule, hajaolewa, hana kazi, ni mkubwa mno kuimba na watoto na akina mama wanamwona mdogo mno kukaa nao, anakwenda wapi? Ndiyo, VIWAWA ipo kwa ajili ya vijana, lakini huko atakutana na vijana wenzake. Nani atamfundisha namna ya kukaa na mgonjwa, kuendesha kikao, kutunza pesa za watu bila kuzigusa? Hayo wanayajua maza. Na kwa Walutheri ni yale yale. KKKT Dayosisi ya Kati ina makao yake hapa hapa Singida, Sunday School ipo, umoja wa wanawake upo, na katikati pana bonde ambalo mabinti wanatumbukia kimya kimya.

WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, ilianza mwaka 1972, mwaka ule ule lilipoundwa Jimbo Katoliki la Singida. Mwaka 2022 akina mama hao walisherehekea miaka 50. Safi sana, vigelegele! Lakini piga hesabu na mimi. Jubilei ya miaka 100 itakuwa mwaka 2072. Mama mwenyekiti wa leo hatakuwepo, tusidanganyane. Bibi wa jubilei hiyo ni huyu mtoto wa miaka 10 anayecheza rede hapo nje ya kikao, ambaye mnamfukuza eti anapiga kelele.

Halafu wengine wanafikiri kijana hawezi mambo ya maana. Ngoja niwape historia, maana dada yenu shule nilikwenda.

Kule Lyon, Ufaransa, mji uliosifika kwa viwanda vya hariri, alikuwepo binti mmoja anaitwa Pauline Jaricot, aliyezaliwa mwaka 1799. Akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu aliwapanga wafanyakazi katika vikundi vya watu kumi kumi. Kila mtu alitoa sarafu moja ndogo kwa wiki kwa ajili ya misheni. Anayeongoza kumi anampelekea anayeongoza mia, wa mia anampelekea anayeongoza elfu. Mwaka 1822 mpango wake ukawa shirika kamili la kusaidia misheni duniani kote. Ukitazama vizuri utaona unafanana kidogo na utaratibu wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na ulibuniwa na binti wa rika langu! Mei 2022 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri. Na Utoto Mtakatifu wenyewe ulianzishwa mwaka 1843 na askofu wa Kifaransa, Charles de Forbin-Janson, baada ya kushauriana na huyo huyo Pauline. Kila mtoto alipewa mambo mawili: sala fupi kila siku na sarafu ndogo kila mwezi, kwa ajili ya watoto wenzake wenye shida. Mtoto hakuitwa aje kuimba tu na kula biskuti. Alipewa wajibu.

Mwingine ni Edel Quinn, binti wa Ireland. Legio ya Maria ilianza kule Dublin tarehe 7 Septemba 1921. Aliyeianzisha, Frank Duff, alikuwa mwanaume, lakini waliokutana naye jioni ile wengi walikuwa mabinti, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutembelea wagonjwa hospitalini. Edel alijiunga baadaye, akaugua kifua kikuu. Ilipofika mwaka 1936 akatumwa Afrika Mashariki aje kuanzisha vikundi, akiwa na miaka 29 na mapafu mabovu. Wapo waliosema asitumwe, atakufa njiani. Akatumwa. Alianzisha vikundi kwa mamia, Kenya, Uganda, Tanganyika, hadi Malawi na Mauritius. Alifia Nairobi tarehe 12 Mei 1944, na kaburi lake liko huko huko. Hebu fikiria wale wazee wa Dublin wangempa sinia la soda!

Siri ya Legio ni ndogo tu. Wanakutana kila wiki. Kila mmoja anapangiwa kazi inayojulikana, mara nyingi wanakwenda wawili wawili, na mkutano unaofuata kila mmoja anatoa ripoti. Basi. Na ni hiyo ripoti inayomrudisha kijana wiki inayofuata, maana anajua kuna mtu atamuuliza.

Sasa nije nyumbani. Hapa mtaani kwetu kuna binti, jina lake silitaji maana hajaniruhusu. Amebeba soda miaka miwili. Siku moja mama mhazini wa kikundi, macho yakiwa yameanza kumsumbua, akamwambia, "Hebu njoo mwanangu unisaidie kuandika." Daftari la michango lilikuwa kasheshe tupu. Huyu anasema nimelipa, yule anasema hujalipa, watu hawasalimiani. Binti akachora safu, akaweka tarehe, akaweka sehemu ya kila mama kutia sahihi au dole gumba. Ugomvi ukaisha. Akina mama wakaanza kumwita "mwalimu".

Hebu ngoja, hilo la daftari ni dogo. Kubwa lilikuja baadaye. Mnajua mkoa wetu, mabinti wengi wanapanda basi kwenda Dar kufanya kazi za ndani. Wengine wanapata mabosi wazuri, wengine hawasikiki tena. Basi akaja mama mmoja mgeni, amenukia, ana mkoba wa kung'aa, anamtaka huyu binti kesho yake alfajiri. Nyumbani kwao wameshakubali, njaa haina aibu. Akina mama wa kikundi waliposikia wakaenda wanne, na sare zao. Hawakupiga kelele. Walimkaribisha mgeni maji, kisha wakamuuliza, "Dada, huyu mwalimu wetu anakwenda kwa nani? Mtaa gani? Simu ya huyo bosi tuipige sasa hivi. Mshahara shilingi ngapi, na utatumwa kwa nani?" Mgeni akasema anatoka nje kupokea simu. Mpaka leo anaipokea!

Wasomaji wangu, kama yule binti angekuwa bado ni "yule mtoto wa soda", nani angejua kwamba anaondoka? Watu hujua umeondoka pale kazi yako inapolala. Ndiyo maana nasema kumpa kijana kazi kanisani sio kumfurahisha. Ni kumwekea watu wa kumuulizia.

Basi mama zangu, dada yenu nina ushauri, na siwatozi hata shilingi.

Kwanza, daftari na simu wapeni vijana. Michango mingi siku hizi inapita kwenye simu, na binti wa kidato cha nne anasoma ujumbe wa muamala kuliko mhazini mwenye miwani ya kuazima. Mhazini abaki kuwa mhazini, lakini pembeni yake akae kijana anayejifunza.

Pili, mkienda kumwona mgonjwa au mjane, mchukueni kijana mmoja na mama mmoja, wawili wawili. Yule mama atafundisha namna ya kubisha hodi na namna ya kunyamaza, maana kunyamaza kwa mgonjwa ni elimu. Kijana atachota maji na kupasua kuni. Kwa ukame wa Singida yetu, ndoo mbili kwa bibi asiye na mtu ni sala tosha. Watoto wadogo wasitumwe peke yao kwenye nyumba za watu, hilo halina mjadala.

Tatu, mtoto naye awe na kazi yenye jina lake. Kumi mmoja awe wa kukumbusha siku ya jumuiya nyumba kwa nyumba, mwingine wa kusoma somo, mwingine wa kufuga kuku wa kikundi. Kuku wa Singida sifa yake inajulikana mpaka Dar. Kuku mmoja jike akipewa watoto wa Utoto Mtakatifu wamlee, mayai yake yatatoa daftari za watoto yatima, na wale walezi watajifunza uwajibikaji kuliko mahubiri kumi.

Nne, sare. Hapa ndipo pagumu. Binti asiye na mshahara utamwambiaje anunue doti ya kitenge, alipe fundi, achangie na nauli ya kongamano? Anaona aibu, anakaa nyumbani, ninyi mnasema imani imepungua. Mkopesheni alipe kidogo kidogo, au mwacheni aingie na gauni lake. Na kama ana mtoto na hana mume, mwacheni aingie vile vile. Jina lenu linasema Wanawake Wakatoliki, halisemi wake za watu.

Tano, muulizeni anaonaje, halafu msikilize hadi amalize. Akikosea msimwaibishe mbele ya kikao. Kwenye Siku ya Maombi ya Dunia, ile ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi Machi inayoandaliwa na wanawake wa madhehebu mbalimbali, mpeni binti asome sala au aongoze sehemu. Atatetemeka, ndiyo. Hata ninyi mlitetemeka siku ya kwanza, msijifanye.

Na ninyi vijana wenzangu mnaocheka hapo kijiweni, msidhani mmepona. Ukipewa kazi usiifanye usanii. Ukiambiwa saa tisa fika saa tisa, sio saa kumi na nusu na simu mkononi. Pesa ya kikundi ukikopa kimya kimya umejiharibia wewe na umewafungia mlango mabinti watano nyuma yako. Wala usingoje kuitwa. Nenda kwa mama mhazini, mpe shikamoo yake, mwambie, "Mama, naweza kukusaidia kuandika?" Akikataa mara ya kwanza, rudi wiki ijayo. Wazee wetu wanapenda mtu anayerudi.

Na wasomaji wangu Waislamu, najua mmesoma mpaka hapa mkisema hata kwenye kikundi cha akina mama pale msikitini ni hivyo hivyo. Basi mmeshajua cha kufanya, sina la kuongeza.

Maza, sinia la soda lishikwe kwa zamu. Hata mama mwenyekiti analiweza, nimemwona ana mikono yenye nguvu!

Wiki ijayo, kama nilivyoahidi: mchumba anazuga mwaka wa tatu sasa, kila ukitaja posho anaumwa jino. Msikose.