Bunduki ya Risasi Moja: Kipimo Kwanza, Shabaha Baadaye

Hapo zamani, kabla ya kuwako bunduki za kumimina risasi nyingi mfululizo, mwindaji alipewa nafasi ya risasi moja tu. Ikikosa, alibaki na chuma kitupu mkononi, na mnyama mbele yake. Kwa hiyo watu wa siku zile walijifunza adabu mbili: kuitengeneza risasi kwa uangalifu, na kulenga bila haraka. Adabu hizo zaeleweka vizuri kwa kumtazama Bwana Frederick Courteney Selous, ambaye jina lake lajulikana sana Afrika ya Mashariki.

Selous alizaliwa London mwaka 1851, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1871, kijana wa miaka 19. Bunduki yake nzuri iliibwa njiani, naye akalazimika kununua bunduki mbili za bei rahisi, za kushindiliwa mdomoni. Zilikuwa nzito mno, na kila risasi yake ya mviringo ilikuwa na uzito wa robo ratili. Baruti haikupimwa kwa mizani. Mkono uliingizwa mfukoni, ukatoa konzi, ikamiminwa katika kasiba, na risasi ikasukumwa kwa mdeki. Kwa bunduki hizo aliua ndovu 78 katika miaka ya 1872 hadi 1874, karibu wote akiwa anakwenda kwa miguu.

Lakini siku moja, katika pigano na ndovu, bunduki iliyokuwa imekwisha kushindiliwa ilishindiliwa tena juu ya baruti ya kwanza, na mwenyewe asijue. Alipofyatua, alitupwa chini kifudifudi, bunduki ikamruka begani, na shavu lake likapasuka. Baadaye alikiri kwamba mateke ya bunduki hizo yalimharibia ushupavu wake wa kulenga, akajuta kwamba aliwahi kuzishika.

Kosa halikuwa la ujinga. Kasiba ni bomba lenye giza. Aliye nje hawezi kuona kilichomo, na katika ghasia mtu husahau alilofanya dakika iliyopita. Dawa yake ilikuwa kuiondoa kazi ya kushindilia katika ghasia ya mbugani, na kuiweka mezani jioni, penye taa na utulivu.

Hayo yaliwezekana yalipotokea maganda ya shaba ya manjano. Mwaka 1872 Mskoti mmoja, John Farquharson, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa bunduki ambayo wenzo wake ukivutwa chini, kipande cha chuma hushuka na kuacha tundu wazi nyuma ya kasiba. Risasi moja hutiwa, wenzo hurudishwa, na tundu hufungwa imara. Selous naye aliitumia bunduki ya namna hii kwa miaka mingi, iliyotengenezwa na Gibbs wa Bristol, yenye risasi ya upana wa karibu sehemu 45 katika 100 za inchi.

Ganda la shaba haliishi kwa mlio mmoja. Mwindaji aliyekuwa mbali na maduka aliyaokota maganda yake, akayasafisha, akatoa fataki iliyokwisha kulia na kutia mpya. Aliyeyusha risasi katika chungu cha chuma, akaimimina katika kalibu. Baruti aliipima kwa kikombe kile kile kila mara, kisha akakaza risasi mdomoni mwa ganda. Ganda lenye ufa lilitupwa, hata kama lilikuwa la mwisho.

Baruti nyeusi ya zamani ilijaza ganda, hivyo aliyetia mara mbili aliiona ikimwagika. Lakini Wafaransa walipoleta baruti isiyo na moshi, miaka ya 1880, hatari mpya iliingia pamoja nayo: ni kali zaidi, na kipimo chake kidogo chaweza kuacha nafasi katika ganda, hata vipimo viwili vikaenea humo bila kuonekana kwa nje. Bunduki iliyojazwa hivyo yaweza kupasuka usoni pa mwenyewe. Ndiyo sababu fundi mwangalifu huyapanga maganda wima, akachungulia ndani ya kila moja kwa taa kabla ya kulifunga kwa risasi.

Baada ya kipimo, ndipo huja shabaha. Bunduki hizo hazikuwa na kioo cha kuvuta mbali karibu. Zilikuwa na chuma chenye mwanya nyuma, na chembe ndogo mbele. Jicho haliwezi kuona wazi mwanya, chembe na mnyama kwa wakati mmoja. Mlengaji huchagua chembe, na hivyo vingine huviacha vififie kidogo. Jua nalo hudanganya. Likipiga upande wa kuume, upande huo wa chembe hung'aa, na jicho huudhania kuwa ndiyo chembe nzima. Risasi hupotea kushoto. Wakati wa magharibi mlengaji huiinua chembe mno ili aione, na risasi hupita juu ya mgongo. Basi aliye na risasi moja na vyuma hivyo hana budi kunyemelea karibu, au kuacha.

Selous aliuawa vitani Behobeho, Tanganyika, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65. Mbuga ya wanyama iliyoitwa kwa jina lake mwaka 1922 iligawanywa mwaka 2019, na sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wasomaji wengi hawatashika kamwe bunduki ya namna ile.

Hata hivyo, mkulima apimaye dawa ya kuogeshea ng'ombe, na karani ajumlishaye fedha za watu, wote wawili hutia kitu ambacho kikifunikwa hakionekani tena. Achunguliaye kabla ya kufunika hupoteza dakika moja. Asiyechungulia hungoja mlio ndipo ajue alichokitia. Mwenda pole hajikwai.